Ukumbi bila wakfu ni mzigo kwa wajukuu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kuzungumzia jambo lisilosemwa sana katika mimbari, ingawa kila familia ya Bagamoyo hukutana nalo: mahali pa kukutania. Akifariki mtu Dunda au Magomeni, turubai hufungwa katikati ya njia na wapitao hutafuta pa kupita. Ikifika harusi, mwenye uwezo hukodi ukumbi kwa fedha nyingi; asiye nao hukopa ili asionekane mnyonge, au huazima ua wa jirani na kuomba mvua isinyeshe. Vijana wakishaswali Isha hawana pa kukaa isipokuwa vijiweni. Akina mama wanaotaka darasa hupewa kona ya baraza ya madrasa, tena kwa saa ambazo watoto hawapo.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na shida hii kwa kiasi hiki. Nyumba zilikuwa na baraza za nje, nyua zilikuwa pana, na viwanja vya wazi vilitosha. Leo ardhi ya Bagamoyo imekuwa na bei. Tangu yaliposainiwa makubaliano ya bandari mpya mwaka 2013, viwanja vimetafutwa na watu wa karibu na wa mbali, hata kabla bandari yenyewe haijajengwa. Kiwanja cha wazi kikishauzwa na kuzungushiwa ukuta, hakirudi tena kwa mtaa. Ndiyo maana tunaona kuwa suala hili halifai kungoja.

Wako watakaosema kuwa msikiti unatosha. Ni kweli kwamba Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina ulibeba mengi zaidi ya sala. Maskini wa Suffa waliishi humo. Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, alipigiwa hema humo ili auguzwe. Wahabeshi walicheza na mikuki yao humo siku ya Idi, na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama. Ujumbe wa Thaqif ulipokuja kabla haujasilimu, ulipigiwa mahema hapo hapo. Hayo yanatufundisha kuwa Uislamu unajali maisha yote ya jamii, na kwamba huduma hizo zinahitaji mahali. Lakini misikiti yetu mingi imejengwa kwa ajili ya safu za sala tu. Haina jiko, haina stoo ya masufuria, na mara nyingi haina sehemu ya akina mama. Ukumbi uliojengwa jirani na msikiti huupunguzia msikiti kelele, na huwapa nafasi wale ambao kwa udhuru wa kisheria hawawezi kukaa ndani yake.

Historia ya pwani yetu inaonyesha kinachoweza kuzaliwa watu wakipata mahali. Hapa Bagamoyo, Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya, aliletwa akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema. Alisoma, akasomesha, na hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi mkubwa wa Twariqa ya Qadiriyya. Tusiingie hapa katika hitilafu za wanazuoni juu ya zikri na maulidi. Tuangalie jambo moja: palikuwa na mahali, na mtoto wa mtumwa na mtoto wa liwali wakakaa jamvi moja. Tukisogea Dar es Salaam, tarehe 17 Aprili 1953 chama cha TAA kilifanya uchaguzi wake katika Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, na Julius Nyerere akachaguliwa kuwa rais akishindana na Abdulwahid Sykes. Mwaka uliofuata ikazaliwa TANU. Ukumbi haukuleta uhuru, lakini watu wasio na pa kukutana hawawezi hata kupiga kura.

Pamoja na hayo, kujenga siyo sehemu ngumu. Waislamu wakihimizwa siku ya Ijumaa hutoa: huyu saruji, huyu mchanga, huyu nondo. Ugumu huanza siku ya pili baada ya ufunguzi. Nani atalipa umeme? Nani atafagia? Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula mabati na nondo. Miaka michache ikipita, bati linavuja, viti vimevunjika, choo kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri. Jengo lililokuwa fahari linageuka ghala, na kizazi kinachofuata kinarithi deni.

Dini yetu ilishatoa dawa ya maradhi haya. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipata ardhi nzuri Khaybar, akamuendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri. Mtume akamuelekeza azuie shina la mali na atoe sadaka matunda yake. Umar akaiwekea ardhi hiyo masharti: isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi; mapato yake yaende kwa mafukara, jamaa, ukombozi wa watumwa, wasafiri na wageni; na anayeisimamia ale kwa wema pasipo kujitajirisha. Masharti yakaandikwa, na usimamizi baada yake akaukabidhi kwa binti yake, Mama wa Waumini Hafsa (R.A.). Wazee wa pwani waliufuata mwendo huu. Walisabilia minazi na nyumba ili mapato yake yanunue mafuta ya taa na mikeka ya misikiti.

Katika kisa hiki kimoja tunapata mpango mzima wa ukumbi wa mtaa.

Kwanza, ukumbi uzaliwe pamoja na kitu cha kuulisha. Kabla ya kuchora paa, zichorwe fremu za maduka upande wa barabarani, au lisabiliwe shamba dogo la minazi, ili kodi na mavuno yalipe umeme, maji na rangi. Afadhali ukumbi mdogo wenye maduka matatu kuliko ukumbi mkubwa wenye bakuli la kuombea.

Pili, yawepo maandishi. Kiwanja kisibaki katika jina la sheikh au mfadhili, hata awe mcha Mungu kiasi gani, kwani akifariki warithi wake wana haki ya kuuliza. Iundwe bodi ya wadhamini, isajiliwe kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na hati iandikwe kwa jina la bodi hiyo. Hesabu zisomwe mbele ya watu kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi. Fitina nyingi katika mali za Waislamu hazikuanza na wizi. Zilianza na ukimya.

Tatu, akina mama wawemo katika bodi kwa haki na siyo kwa hisani. Ikiwa Umar (R.A.) alimuamini Hafsa (R.A.) kwa mali bora kuliko zote alizokuwa nazo, sisi tuna hoja gani? Isitoshe, wao ndio wanaojua jiko liwe upande gani ili moshi usiingie ndani, maji yafike wapi, na mlango wao uwe wapi ili wasipite katikati ya wanaume.

Nne, msimamizi alipwe. Mtume (S.A.W.) alimkosa mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia msikiti, akaulizia, akaambiwa amekwisha kufa na kuzikwa. Hakuridhika hadi akaonyeshwa kaburi lake, akamswalia. Huo ndio uzito wa kazi ya kufagia katika dini hii, nasi tumezoea kumpa mfagiaji shukrani bila ujira.

Tano, tuanze na matumizi kabla ya ramani. Yaandikwe mambo ya wiki nzima: asubuhi watoto wadogo, alasiri darasa la akina mama na vikundi vya kuweka na kukopa, usiku masomo ya vijana, mwisho wa wiki harusi. Msiba na hitima visilipiwe. Harusi ya tajiri ilipe zaidi ili harusi ya yatima ipite bure. Na jirani asiye Muislamu, katika mji huu ambao tumeishi na Wamisionari tangu mwaka 1868, naye apokewe kwa adabu za mahali.

Wala tusiseme kuwa hatuna pa kuanzia. Karibu kila mtaa una chama cha kufa na kuzikana. Kina turubai, masufuria, majamvi, daftari la michango na mtunza fedha anayeaminiwa. Huo tayari ni ukumbi usio na kuta. Wanaotaka kujenga wawaendee watu hao kwanza, kabla ya kumwendea mfadhili wa nje, kwa sababu mfadhili huleta jengo, bali mazoea ya kutunza hayaletwi na meli.

Ukitaka ushahidi, nenda Kaole. Misikiti ile ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya mafundi hodari. Kuta zimebaki, waliokuwa wakikutana humo hawapo, na leo huingia watalii kwa tiketi. Mawe peke yake hayahifadhi jamaa.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na ya kwanza aliyoitaja ni sadaka yenye kuendelea. Basi mwenye kiwanja ambacho bado hakijauzwa na afikiri. Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atupe nia safi, atukinge na hiyana katika amana, na atujaalie tuwaachie wajukuu wetu mahali pa kukutania, na mali ya kupatunza.

Wabillahi tawfiq.