Kabla ya Kutafuta Fundi wa Tovuti, Tujue Funguo Anashika Nani

Wapambanaji wenzangu,

Kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, vijana wa kata yetu hapa Tabora mjini tulichangishana tukafungua tovuti. Ilikuwa nzuri, msinicheke. Ilikuwa na picha za wagombea, ratiba ya mikutano, na fomu ya kijana kujiandikisha: jina, namba ya simu, mtaa anaokaa. Dogo mmoja mwenye laptopu alitutengenezea kishikaji, tukampa hela ya bando na ya chakula. Hakuna aliyeandikishana na mtu.

Mwaka ukapita. Dogo akapata kazi Dar, laini yake ikawa haipatikani. Jina la tovuti likaisha muda wake. Tulipotaka kulilipia tukaambiwa limesajiliwa kwa jina lake na barua pepe yake, sisi hatutambuliki. Leo ukifungua, hakuna kitu.

Tovuti kufa nimeshazoea. Kinachoninyima usingizi ni ile orodha. Vijana wengi waliandika majina na namba zao pale kwa sababu walituamini, na katika mazingira yetu mnajua maana ya jina lako kuonekana kwenye orodha ya upinzani. Orodha iko wapi sasa? Ilifutwa? Kuna mtu ana nakala? Nimeuliza kila mtu, sijapata jibu. Dogo simlaumu, alifanya kazi kwa hela ya chipsi. Kosa ni letu tuliomkabidhi kila kitu bila kuuliza swali hata moja.

Naandika haya kwa sababu kila tawi sasa hivi linasema linataka tovuti yake, na sababu ni ya msingi. Mei 2025 X ilifungiwa nchini. Septemba mwaka huohuo leseni ya JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90. Aliyeweka maneno yake yote kwenye ukumbi wa mtu mwingine aliamka akakuta mlango umefungwa. Kwa hiyo ndiyo, tuwe na uwanja wetu. Swali ni tunaujengaje.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kujitengenezea wenyewe bure kwenye Blogger au WordPress. Haina gharama na mtu yeyote mwenye simu nzuri anajifunza ndani ya wiki, ila hapo bado ni mpangaji: mwenye nyumba akiamua, unatoka. Ya pili ni kumpa kijana fundi, kama tulivyofanya sisi. Ya tatu ni kulipa kampuni. Kampuni inakupa risiti na mtu wa kumpigia simu, lakini tawi linaloishi kwa michango ya buku mbili mbili litaweza kulipa mwaka wa kwanza tu, wa pili litakwama.

Watu wanabishana sana ipi bora kati ya hizo. Mimi nasema ubishi huo unakuja wa pili. La kwanza ni nani anamiliki vitu vitatu: domeini, yaani lile jina la tovuti, akaunti ya mahali tovuti inapohifadhiwa, na taarifa za watu. Ukishika hivyo vitatu, fundi akiondoka unaleta mwingine kesho yake. Usipovishika, hata ulipe mamilioni, tovuti si yako.

Watu wa Tabora hili tungelijua kuliko wengine. Karne ya 19 mji huu ulikuwa njia panda ya misafara: inayotoka Bagamoyo ikifika Unyanyembe, mingine inaendelea magharibi kwenda Ujiji, mingine inapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walibeba pembe mpaka pwani wakarudi na nguo na shanga. Walikuwa mafundi wa kazi ile, na walilipwa ujira wao. Lakini kila mzigo ulikuwa na mwenyewe, na alijulikana. Halafu kuna njia. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, wafanyabiashara wakubwa wenye mali na bunduki walikwama hapa. Hata Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, ilibidi azungukie kusini. Domeini ndiyo njia yetu. Anayeishika ndiye anayeamua kama msafara unapita.

Sasa nivae joho kidogo, maana nasoma sheria na lazima niwasumbue.

Kwanza, mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura 345, haidai kila makubaliano yaandikwe, ya mdomo nayo ni mkataba. Shida ni ushahidi siku mkigombana. Na chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, programu za kompyuta zinalindwa, na haki zinaanzia kwa aliyetunga. Kama mnataka kazi iwe ya tawi, iandikwe. Ukurasa mmoja unatosha.

Pili, domeini. Kuchagua .com au .or.tz si suala la ipi inapendeza. Majina ya .tz yako chini ya usimamizi wa TCRA, kwa hiyo yanafikiwa haraka na mkono wa mamlaka. Lakini ya nje nayo haikufichi. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alipofikishwa mahakamani Kisutu, moja ya mashitaka lilikuwa kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa domeini ya nchi. Amueni mkijua hilo.

Tatu, leseni. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 zilitaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Misafara ya zamani ilitozwa hongo kupita kwenye nchi za watu, sisi tukatozwa kusema. Kanuni hizo zilibadilishwa 2020 na kurekebishwa tena 2022. Tuendelee kuzipinga, lakini kabla hujachapisha habari na matukio, soma zinazotumika leo. Usimpe mtu sababu ya bure ya kukufungia.

Nne, na hii ndiyo kubwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inahesabu msimamo wa kisiasa kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Ile fomu yetu ya kujiandikisha haikuwa mchezo. Ilikuwa mzigo wa kisheria, na kabla ya sheria ilikuwa dhamana ya watu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tawi lenye hela kidogo litumie WordPress, lakini kwa domeini yake lenyewe. Fundi awe kijana wetu, alipwe vizuri, asiombwe kujitolea kila siku. Domeini isajiliwe kwa barua pepe ya ofisi, si ya mtu. Neno la siri liwe kwa watu wawili, mmoja wapo katibu, na libadilishwe kila uongozi ukibadilika. Tarehe ya kulipia iandikwe kwenye daftari la mhazini. Na orodha ya wanachama isiwekwe kwenye tovuti kabisa. Fomu iwe na namba ya simu ya ofisi, anayetaka kujiunga apige au aje.

Wapo watakaosema tovuti haina maana, maana Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima na tovuti zote zikawa kiza. Kweli. Siku kama ile kinachobaki ni miguu na watu mnaojuana mtaa kwa mtaa. Tovuti haichukui nafasi hiyo. Inatunza kumbukumbu zetu ili siku mtandao ukirudi, tulichokisema kiwepo.

Kikao kijacho cha kata nitaleta rasimu ya mkataba wa ukurasa mmoja, matawi mengine mnaruhusiwa kuinakili. Na kama wewe ulijaza ile fomu yetu mwaka 2024, nakuomba radhi. Bado naitafuta orodha.