Kipimo cha chumvi za damu kisiwe bahati nasibu

Kila joto la kaskazi linapokaza, au mvua kubwa zinapochafua visima, vyumba vya dharura vya hospitali zetu hapa Pwani hupokea watu walioishiwa nguvu: watoto wanaohara, vibarua walioshinda juani, wazee wanaosema maneno yasiyoeleweka. Wengi huishia kutundikiwa dripu. Swali langu ni moja: je, dripu hiyo hutundikwa baada ya damu kupimwa, au kwa kubahatisha?

Damu ya binadamu ina chumvi zake: sodiamu, potasiamu, kalsiamu na nyinginezo. Wataalamu huziita elektroliti. Kwa mtu mzima mwenye afya, sodiamu huwa baina ya milimoli 135 na 145 kwa lita, na potasiamu baina ya 3.5 na 5.0. Moyo, misuli na ubongo hutegemea chumvi hizi. Zikipanda au kushuka kupita kiasi, mtu anaweza kufa bila jeraha wala homa.

Tatizo ni kuwa dalili zake hudanganya. Sodiamu ikishuka, mgonjwa huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa. Ikishuka zaidi hupatwa na degedege au kupoteza fahamu. Mzee anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza maji anaweza kuamka asubuhi hawatambui wanawe. Nyumbani tutasema ni kiharusi, na wengine watasema amepagawa, tuanze kutafuta mganga huku saa zinakwenda. Potasiamu ikipanda, moyo unaweza kusimama ghafla. Hili huwakuta hasa wagonjwa wa figo, wakiwemo waliokosa zamu ya kusafishwa damu.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wa Pwani: madafu. Tumezoea kuona dafu ni dawa ya kila udhaifu. Lakini maji ya dafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Kwa kijana mzima aliyetoka shambani, hakuna neno. Kwa mgonjwa wa figo, dafu aliloletewa kwa mapenzi linaweza kumdhuru. Na kwa mtoto mwenye kipindupindu, anayepoteza sodiamu nyingi kwa kuhara, dafu halishiki nafasi ya ORS. Pakiti ya ORS ichanganywe na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vitasaidia njiani kuelekea hospitali.

Tiba zenyewe si za ajabu. Potasiamu ikiwa juu na moyo umeanza kuyumba, daktari hutoa kalsiamu kwenye mshipa kuukinga moyo, kisha insulini pamoja na sukari kuisukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Sodiamu iliyokaa chini kwa siku nyingi, kwa upande wake, haipandishwi kwa pupa: madaktari hujizuia isipande zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, kwani ikipanda haraka huharibu ubongo. Hakuna anayeweza kufanya hesabu hiyo bila majibu ya maabara.

Na maabara ndipo tunapokwama. Nimewahi kusimama na jamaa katika hospitali moja ya umma, tukaambiwa mashine ipo ila vitendanishi vimekwisha, tupeleke damu maabara ya nje. Ilikuwa usiku. Mwenye gari na pesa ataipeleka. Aliyevuka kwa mashua kutoka Faza au Kizingitini ataipeleka wapi?

Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina maalum ya dharura, magonjwa sugu na mahututi, na SHA ikachukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Nayo hospitali za kaunti ziko chini ya magavana wetu. Kwa maoni yangu, matibabu ya dharura yasiyo na kipimo cha chumvi za damu ni nusu ya matibabu.

Basi bajeti za kaunti zikijadiliwa, tusiulize tu kuhusu majengo mapya na ambulensi. Tuwaulize wawakilishi wetu wa wodi maswali matatu: mashine ya kupima elektroliti inafanya kazi usiku na mchana? Vitendanishi vimenunuliwa vya miezi mingapi? Umeme ukikatika, jenereta inafika maabara? Nasi majumbani tunayo kazi yetu: mzee akibadilika ghafla, apelekwe hospitali mara moja, na vidonge vyake vyote vibebwe. Daktari akiviona, atajua aanzie wapi.