Zuhura Inang'aa, Lakini Ndani Kunaungua

Ile nyota kali ambayo wakati mwingine hutangulia zote magharibi jioni si nyota. Ni Zuhura, sayari jirani, karibu sawa na dunia kwa ukubwa. Inang'aa kwa sababu mawingu mazito yameifunika na kurudisha mwanga wa jua. Lakini mawingu hayo ni ya asidi, na chini yake hewa nzito imefungia joto la nyuzi 465 hivi, la kuyeyusha madini ya risasi. Mwaka 1982 chombo cha Wasovieti, Venera 13, kilitua huko. Kilidumu dakika 127 tu.

Wapendwa, kanisani tumezoea kusifu mng'ao. Ndugu akija na suti na tabasamu, tunasema amebarikiwa. Dada akisema nyumbani kunawaka moto, tunamwambia imani yake ni ndogo. Basi watu wanajifunika, na joto linabaki ndani. Naamini hapo tunakosea. Imani si kifuniko.

Wiki hii mtembelee mmoja anayeng'aa. Muulize taratibu, "Nyumbani mko aje?" Kisha nyamaza, usikilize. Usianze kuomba kabla hajamaliza kusema.