Saa moja ya Kobero inatugharimu siku nzima

Wapo wanaopenda kutuhubiria kwamba wachuuzi wa mpakani na ndugu zetu waliorejea kutoka Tanzania hawajui thamani ya muda. Anayesema hivyo hajawahi kuamka saa kumi alfajiri pale Muyinga kutafuta gari la Kobero. Tatizo si uvivu. Tatizo ni kwamba tunaishi kwa saa tatu tofauti.

Saa ya kwanza ni ya Burundi. Ya pili ni ya Tanzania, ambayo imetangulia kwa saa moja. Ukivuka kwenda Kabanga saa mbili asubuhi, unakuta wenzako wako saa tatu. Jambo dogo? Hebu tupige hesabu. Ofisi za serikali Tanzania hufungua saa 1:30 asubuhi na kufunga saa 9:30 alasiri, yaani saa 8:30 kwa saa yetu. Huku kwetu ofisi nyingi kwa desturi hufunga saa sita mchana na kurudi saa nane. Kwa hiyo karani wa Muyinga anaporudi kutoka kula, mwenzake wa Ngara amebakiwa na nusu saa tu. Mwenye karatasi inayotaka mihuri ya pande zote mbili ana asubuhi peke yake. Akichelewa analala mpakani, na nyanya hazisubiri mtu.

Simu nayo hupotosha. Iliyoachwa ijirekebishe yenyewe, ikinasa mnara wa upande wa pili, huruka saa moja bila kukuuliza. Anayefanya kazi karibu na mpaka aizime hiyo programu, aweke saa kwa mkono, na akipanga miadi aseme waziwazi: saa tatu ya Burundi, au saa tatu ya Tanzania.

Saa ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni ya karatasi. Kirundi na Kiswahili huhesabu kuanzia asubuhi, lakini barua za ofisi huandikwa kwa Kifaransa, ambacho huhesabu kuanzia usiku wa manane. Wengi wa watoto wa wakimbizi wa 1972 walikulia Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakasoma kwa Kiswahili. Mmoja wao akipewa barua iliyoandikwa 8h00, atasoma saa nane. Kumbe ni saa mbili asubuhi! Anafika Gitega mchana, amemaliza nauli, na kesi ya shamba la baba yake imeshaitwa bila yeye kuwapo. Hapo anaweza kupoteza ardhi, si siku moja tu. Kwa nini karani asiongeze maneno mawili kwa Kirundi chini ya tarakimu hizo? Wino hauishi kwa maneno mawili.

Tusiwalaumu makarani peke yao. Tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, upo utaratibu wa Jumuiya unaompa mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizotoka nchi wanachama, hati rahisi ya asili ya bidhaa pale pale mpakani. Lakini wengi wetu hufika bila orodha ya mzigo, tukaanza kuhesabu magunia mbele ya dirisha huku mstari ukirefuka nyuma. Orodha iandikwe jioni, nyumbani. Na safari isipangwe Jumamosi asubuhi, maana ni wakati wa kazi za maendeleo.

Nimetaja nyumbani, na hapa akina baba watanisamehe. Mama anayefanya biashara huchota maji, huwasha moto, huwavisha watoto wa shule, ndipo atafute gari. Saa yake moja ya Kobero ameshaipoteza kabla hajafunga mlango. Mume akibeba dumu la maji na kuwatoa watoto, mama anaondoka mapema na hela inaingia nyumba ile ile. Sijaona bado mwanamume aliyepungua urefu kwa kubeba dumu.

Kwa wakuu wa forodha wa pande zote mbili nina ombi moja. Watundike saa mbili za ukutani, chini ya moja waandike Burundi na chini ya nyingine Tanzania. Ziwekwe nje, pale watu wanapopanga mstari, si ndani ya ofisi ya mkubwa.