Kabla ya Kushika Chuma

Muhula huu yamezuka mabishano makubwa hapa shuleni petu juu ya vyuma vilivyo nyuma ya mabweni. Kwa wale wazazi wasiovijua, vyuma hivyo ni mabomba mawili ya maji, kila moja lina zege huku na huku, zege lililomiminwa katika makopo na ndoo za rangi. Vilitengenezwa na wanafunzi waliotutangulia, na kila jioni baada ya kazi za mikono hapakosi watu mahali pale. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliumia mgongo alipokuwa akinyanyua, akalala zahanati siku mbili. Tangu hapo wako wasemao vyuma vitupwe, na wako wasemao viachwe kama vilivyo. Mimi naona pande zote mbili hazijapata, nami namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi nieleze sababu zangu.

Chuma hakina kosa. Kosa ni kwamba kila aendaye pale hufundishwa na mtu aliyemtangulia kwa majuma mawili tu, na huyo naye alifundishwa na mwingine wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo katika likizo fupi ya muhula huu niliwaendea watu waliozoea mizigo na vyuma kwa miaka mingi: mwenye jimu ya mtaani kwetu, askari mmoja mstaafu, mchukuzi wa sokoni, dada mmoja mchezaji wa netiboli, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitalini. Niliwauliza wote swali moja: ni jambo gani ungependa ungaliambiwa siku ya kwanza? Hawajuani, lakini majibu yao yalifanana kama ya watu wa nyumba moja.

Jambo la kwanza ni kuongeza uzito kidogo kidogo. Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi juu ya Milo wa Croton, bingwa wa mieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Wasema alimbeba ndama mmoja kila siku tangu ndama huyo alipozaliwa, na kwa kuwa ndama aliongezeka uzito polepole, Milo naye aliongezeka nguvu, hata akaweza kumbeba alipokuwa fahali mzima. Hadithi ni hadithi, lakini mafundisho yake ni ya kweli. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika habari za wagonjwa aliowatibu kwa vyuma katika hospitali moja ya askari huko Chicago. Misuli yao ilikuwa imenywea kwa majeraha na kwa kulala kitandani. Aliwapa uzito walioumudu, akawaongezea kadiri nguvu zao zilivyorudi. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins waliandika tena, wakasema kwamba kule kunyanyua mara 70 hata 100 kwa siku moja, kama walivyofanya mwanzoni, hakukuwa na haja. Mara 20 mpaka 30 zilitosha. Mgonjwa alitafutiwa kwanza uzito anaoweza kuunyanyua mara kumi tu, kisha akafanya seti tatu za mara kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito huo, ya pili kwa robo tatu, na ya tatu kwa uzito wote.

Sasa vitazame vyuma vyetu. Kopo la lita 4 likijaa zege lina uzito wa kilo 9 au 10. Chuma chetu kidogo kina makopo mawili ya namna hiyo, basi pamoja na bomba lake chapita kilo 20. Kile kikubwa kina ndoo mbili za lita 10, nacho chapita kilo 50. Katikati hapana kitu. Mwanafunzi aliyekizoea kidogo akitaka kuendelea, hana njia ila kuruka kilo 30 kwa siku moja. Ni sawasawa na kumtoa mtu Kidato cha Kwanza ukamtia Kidato cha Nne, kisha ukastaajabu akianguka mtihani. Yule mwenzetu aliyeumia alikuwa amekizoea kidogo kwa muda wa miezi miwili, naye siku ile alikishika kikubwa. Wengi wamemcheka na kumwita dhaifu. Mimi nasema hakuwa dhaifu. Alikosa chuma cha katikati, na alikosa mtu wa kumwambia asubiri.

Dawa ya jambo hili ni rahisi, wala haihitaji fedha nyingi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Dumu la lita 20 laweza kuwa la kilo 5 juma hili, la kilo 6 juma lijalo, na kuendelea hivyo mpaka lijae, na kila mtu atajua anainua kiasi gani. Asiyependa maji yanayocheza ndani na atie mchanga mkavu. Lita moja ya mchanga ni kama kilo moja na nusu. Zege likishaganda halipunguzwi wala haliongezwi, lakini dumu humfuata mtu na nguvu zake.

Jambo la pili ni namna ya kunyanyua. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakutuambia ainameje. Mtaalamu wa hospitalini alinionyesha: mzigo uwe karibu na miguu, magoti na nyonga zikunjwe, mgongo unyooke toka kiunoni hata shingoni, na nguvu itoke miguuni. Pumzi isifungwe, mtu aitoe wakati wa kusukuma na aivute wakati wa kushusha. Mchukuzi wa sokoni, ambaye hakusoma elimu hiyo popote, aliniambia maneno yale yale kwa njia yake: gunia zito halimtishi, bali hulichelea gunia lolote analoliinua huku akikipinda kiuno kulitupa pembeni.

Basi kanuni yafaa iwe hii: mtindo ukiharibika, hesabu imekwisha. Aliyekusudia mara kumi, na mara ya nane mgongo ukaanza kupinda, na aweke chini. Zile mbili zilizobaki hazina faida yoyote. Tena mtu asilale chini ya chuma peke yake, hata kama ni hodari namna gani. Mkono ukichoka wakati chuma ki juu ya kifua au shingo, asiye na mwenzake wa kukipokea yumo hatarini. Na kabla ya kuanza, makopo yakaguliwe kama yameshika barabara kwenye bomba.

Jambo la tatu ni subira. Mwenye jimu aliniambia kwamba wanaoanza huja kwake wengi mwezi Januari, na ifikapo Machi hubaki wachache. Wanapoondoka husema, "Nimefanya mwezi mzima, mwili ni ule ule." Wangalijua sababu wasingaliondoka. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Moritani na deVries, walionyesha kwamba katika majuma ya kwanza nguvu huongezeka zaidi kwa kuwa ubongo na neva hujifunza kuiamrisha misuli iliyopo, na kukua kwa misuli yenyewe hufuata baadaye. Basi kijana anayejitazama kwenye kioo baada ya majuma matatu asione kitu, asidhani amepoteza wakati. Na afungue daftari lake, aone kama dumu la kilo 8 lililomshinda mwezi uliopita sasa laenda mara kumi. Kioo hakitamwambia hayo, daftari litamwambia.

Jambo la nne nalitaja kwa ufupi. Vijana wengi hushughulika na mikono na kifua tu, kwa kuwa ndivyo vionekanavyo. Miguu, mgongo na tumbo huachwa. Lakini anayelima, anayecheza mpira, anayebeba ndoo ya maji au mgonjwa, nguvu zake hutoka huko kulikoachwa. Kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na uzito kiasi kutakufaa maishani kuliko mkono mnene.

Jambo la tano ni chakula na usingizi, na hapa naomba wazazi wasome kwa makini. Siku hizi vijana wakirudi likizo huona katika simu matangazo ya makopo ya unga wa protini, nao huwasumbua wazazi wanunuliwe. Kopo moja laweza kumaliza fedha za matumizi ya muhula mzima. Mtu afanyaje? Wataalamu wasema anayenyanyua vyuma kwa bidii yamfaa apate gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili wake. Kijana wa kilo 60 basi ahitaji kama gramu 96 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, yai moja lina gramu 6, na gramu 100 za karanga zina kama gramu 25. Dagaa wakavu nao wana protini nyingi mno. Tena ugali na maharage tunavyovilalamikia kila siku ni ndugu wasaidianao: kile ambacho protini ya mahindi imekipungukiwa, maharage yanacho. Mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe na amtilie sandukuni mfuko wa karanga na wa dagaa, aziache fedha za kopo zilipie vitabu.

Kuhusu usingizi, madaktari wasema kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 mpaka 10. Misuli haijengwi wakati wa kunyanyua. Wakati huo huchoshwa, nayo hujengwa wakati wa kupumzika. Kwa hiyo anayenyanyua jioni, akasoma kwa tochi mpaka usiku wa manane, kisha akaamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, anabomoa bila kujenga. Na misuli iliyofanya kazi ipewe siku moja au mbili kabla ya kurudiwa. Siku tatu kwa juma zatosha kabisa, na siku nyingine zibaki za mpira na za masomo.

Kuna na wale wauzao vidonge na sindano za kukuza misuli upesi. Juu ya hao sina maneno mengi. Dawa hizo hudhuru moyo na ini, na kwa kijana ambaye bado anakua huweza kufunga mifupa yake kabla ya wakati, akabaki mfupi. Mwaka 1988 huko Seoul, Ben Johnson wa Kanada alishinda mbio za mita 100, akaonekana kuwa ametumia dawa ya jamii hiyo, akanyang'anywa medali ya dhahabu. Ikiwa bingwa wa namna ile hazikumwacha salama, mtoto wa shule atapata nini?

Sasa nijibu hofu mbili nilizozisikia kwa wazazi. Ya kwanza ni kwamba vyuma hudumaza watoto. Hofu hii ni ya zamani, lakini mwaka 2020 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilieleza kwamba mazoezi haya, yakifanywa kwa utaratibu na chini ya msimamizi, hayazuii mtoto kurefuka. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa juma. Hofu ya pili ni kwamba msichana akinyanyua vyuma atageuka umbo la kiume. Yule dada wa netiboli alicheka nilipomwuliza. Homoni inayowapa wanaume misuli mikubwa ni kidogo sana mwilini mwa mwanamke. Atakachopata ni nguvu na mifupa imara. Kunyanyua vyuma kulikuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896, lakini wanawake hawakuingizwa mpaka Sydney mwaka 2000. Wenzao walingoja zaidi ya miaka mia. Dada zetu hapa wasingojeshwe tena, wapewe nao saa yao.

Kwa hayo yote, natoa shauri kwa Mwalimu Mkuu na Bodi ya Shule. Vyuma vya zege viondolewe, na mahali pake pawekwe madumu yenye alama za kilo. Mwalimu wa michezo ateue siku tatu, na asimamie mwenyewe au amweke kiranja aliyefundishwa. Kila anyanyuaye awe na daftari. Na mgeni asiguse uzito wowote majuma mawili ya kwanza, ila ajifunze kuchuchumaa, kuinama na kuvuta pumzi kwa kijiti cha ufagio.

Wakitupiga marufuku hawatatuzuia. Wanafunzi watanyanyua mawe mtoni na matofali ya jengo jipya, pasipo mtu wa kuwaona, na wa pili atakayeumia huenda hatapona kwa siku mbili. Nguvu ni kitu chema kwa kijana, naye ataitafuta tu. Heri aipate mbele ya macho ya mwalimu.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na ayaandike katika toleo la muhula ujao.