Kabla Hujauza Ng'ombe Ununue Turbo, Uliza Ile ya Kwanza Imekufa kwa Nini

Leo naomba tuweke pembeni pamba na mpunga, tuongelee injini. Najua kuna atakayesema, "Bwana shamba, wewe na turbo wapi na wapi?" Jamani, kila nikizunguka, kuanzia Kishapu hadi Msalala na kule Geita, nakutana na watu waliouza ng'ombe. Hawakuuza kwa ajili ya ada wala mbegu, waliuza kwa ajili ya injini ya pikapu. Hapo suala limeshakuwa la kilimo.

Mzee mmoja ninayemtembelea shambani ana pikapu ya dizeli yenye turbo. Mpunga wake anaupeleka Kahama, na msimu ukiisha anabeba mizigo ya wachimbaji wadogo kwenye barabara za vumbi za upande wa Kakola. Mwaka jana gari ikaanza kukosa nguvu kwenye mlima na kutoa moshi wa bluu. Fundi akaiangalia dakika tano tu, akasema, "Mzee, turbo imekwisha." Wakauzwa ng'ombe wawili, ikafungwa turbo ya mtumba. Baada ya wiki tatu hali ikawa ileile. Fundi wa pili akasema injini nzima ishushwe. Wakaenda ng'ombe wengine watatu. Ringi mpya, metali mpya, gasketi mpya. Mwezi na nusu haujaisha, injini ikaanza kugonga. Mvua za Novemba zimeshaanza, mbolea iko mjini, na gari iko juu ya mawe.

Fundi wa tatu, kijana tu, hakuanza na spana. Alifuata bomba la mpira linalotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye turbo, akalichomoa, akapitisha kidole ndani. Kikatoka na vumbi jekundu. Bomba lilikuwa limepasuka kwa chini, mtu kalifunga na tyubu ya baiskeli. Filta ilikuwa nzima, lakini hewa ilikuwa inaingilia mlango wa nyuma. Vumbi lile ndilo lililosaga mapanga ya turbo, likaingia kwenye silinda, likala ringi, likachanganyika na oili na kuwa kama msasa. Mzee kauza ng'ombe watano kwa sababu ya bomba la mpira.

Msimamo wangu ni huu: usilipie turbo mpya mpaka uonyeshwe kwa macho yako kilichoua ile ya zamani. Mbona shambani tunalijua hili? Mahindi yakiwa ya njano kwa kukosa mbolea, ukipuliza dawa ya viwavijeshi utamaliza hela na mahindi yatabaki ya njano. Injini nayo ni hivyo hivyo.

Turbo ni panga mbili kwenye shafti moja. Moshi wa ekzosi unazungusha panga la kwanza, la pili linasukuma hewa nyingi kwenye silinda ili dizeli iungue vizuri. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya oili ya injini, ileile unayoipima kwa geji. Kwa hiyo mara nyingi turbo haifi yenyewe, inauawa. Wauaji wakubwa ni oili chache au chafu, vumbi au kipande cha kitu kilichoingia, na joto la kupita kiasi.

Kuna mfano ambao mafundi wa dizeli wanaujua sana: injini ya Toyota 1KD-FTV ya lita 3.0, iliyomo kwenye Hilux na Prado nyingi za miaka ya 2000. Kwenye baadhi ya injini hizo, zile washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli huanza kuvuja. Moshi wa mwako unapenya hadi kwenye oili, masizi yanaganda, yanaziba chujio la kunyonyea oili lililo chini kabisa ya injini. Oili haipandi tena inavyotakiwa. Turbo inaweza kufa, na metali za injini nazo zikafuata. Hapo ukifunga turbo mpya bila kushusha bakuli la oili na kusafisha lile chujio, umeipeleka turbo machinjioni.

Sasa fundi akikuambia turbo imekwisha, mwombe mambo haya kwanza. Apime oili, aangalie filta na mabomba yote ya hewa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, azungushe shafti ya turbo kwa mkono: izunguke bila kukwama na panga lisiguse ukuta. Kucheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma mpaka unaisikia mkononi, imechoka. Moshi nao unasema: mweusi ni hewa kidogo au dizeli nyingi, bluu ni oili inaungua, mweupe ni dizeli isiyoungua au maji. Halafu apime kompreshani ya kila silinda. Zikipishana sana, tatizo liko ndani ya injini, na turbo peke yake haitakuponya.

Ikibidi kufungua injini, usikubali kubandikwa ringi mpya kwenye silinda iliyokwisha kuliwa. Silinda na kranki vipelekwe karakana vikapimwe kwa vipimo, si kwa jicho. Bomba dogo la kupeleka oili kwenye turbo lisafishwe au libadilishwe, maana masizi hujificha humo. Intakula isafishwe yote, kwa sababu vipande vya panga la zamani vikibaki ndani vitavutwa kuingia kwenye injini mpya. Turbo itiwe oili kwa mkono kabla ya kuwasha mara ya kwanza.

Na jambo la hatari: turbo inayomwaga oili kwenye njia ya hewa inaweza kufanya injini ya dizeli ikimbie yenyewe kwa kuunguza oili yake, hata ukizima ufunguo. Ukiona oili nyingi kwenye mabomba ya hewa, usiiwashe tena "kujaribu tu".

Mafundi nao wana neno lao, na ni la kweli. Mmoja aliniambia, "Bwana shamba, mteja hataki kulipia kupima. Nikimwambia elfu thelathini ya kupima tu, ananiona mwizi. Nikimwambia milioni ya turbo, anaenda kuuza ng'ombe." Hapo kosa ni letu. Tumezoea kulipia spea kwa sababu tunaishika mkononi, akili ya fundi tunataka bure. Basi naye anakuuzia spea. Kubalianeni bei ya kupima, pekee yake, umlipe hata kama mwishoni tatizo ni bomba la mpira. Hasa kama ni bomba la mpira! Na vifaa vya zamani akurudishie, uvione.

Mwenye gari ambayo bado ni nzima, kagua bomba la hewa kila wiki kama unapita barabara za vumbi. Oili nunua kwa muuzaji unayemwamini, usikimbilie dumu la bei ya kushangaza. Ukitoka kupanda mlima na mzigo, usizime ghafla. Iache ingurume dakika moja au mbili turbo ipoe.

Mzee wangu gari yake imepona, lakini mwaka ule alichelewa kupanda, na zizi lake limepungua ng'ombe watano. Ng'ombe kwetu ndiyo benki. Usiende kutoa hela benki kabla hujajua unalipia nini.