Basi si Bafu, wala si Mahakama

Wiki hii hatuandiki juu ya bajeti wala juu ya uchaguzi wa matawi. Twaandika juu ya kucha, chanuo, wanja na marashi. Wako watakaocheka na kusema kwamba gazeti la Chama limeishiwa habari. Na wacheke. Wakimaliza kucheka twawaomba wasome, kwa maana mwananchi wa Dar es Salaam hukaa ndani ya basi saa nyingi kuliko anavyokaa mkutanoni, na humo ndimo adabu yake inamopimwa kila siku bila ya kupigiwa makofi.

Jambo lenyewe lilitokea asubuhi moja, ndani ya daladala litokalo Chanika kuelekea Kariakoo. Mwandishi wa maneno haya alikuwamo, akienda kwenye kazi ya Chama. Gari lilikuwa limejaa, waliosimama wamebanana kama samaki wa kopo. Dirishani alikaa bibi mmoja, mtu mzima, amepakata beseni la vitumbua vilivyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Kando yake alikaa bwana mmoja wa makamo, shati lake limepigwa pasi, mtu wa kuheshimika, mwanachama mwenzetu. Bwana huyo alitoa kikata kucha mfukoni akaanza kazi: ka! ka! ka! Kipande kimoja kiliruka kikatua juu ya kitambaa cha vitumbua. Yule bibi alikiokota kwa vidole viwili, akakitupa nje, akanyamaza. Hakuna aliyesema neno.

Kiti cha mbele alikaa msichana aliyevaa sare ya kazi. Alitoa kioo kidogo akaanza kujipaka wanja. Hakumgusa mtu, wala hakuna kilichoanguka. Lakini yeye ndiye aliyetukanwa. “We dada, kwenu hakuna kioo?” alipaza sauti mmoja wa waliosimama. Konda akacheka, na abiria watatu wanne wakadakia. Hata yule bwana wa kucha alisimamisha kazi yake, akainua kikata kucha kama mwalimu ainuavyo fimbo, akasema kwamba wasichana wa siku hizi hawana haya. Msichana akafunga kioo, akainamisha kichwa. Jicho moja lilikuwa na wanja, la pili halina. Aliteremka Buguruni hivyo hivyo.

Na mwandishi wenu? Alinyamaza. Yule bwana ni mkubwa wake katika kazi ya tawi, na kicheko cha watu wengi ni mzigo mzito kuupinga peke yako. Twakiri hivyo mbele yenu, kwa sababu tahariri inayowaonya wengine na kumficha mwandishi wake haifai hata kufungia maandazi.

Sasa tuulizane kama watu wazima: katika basi lile, nani alikosa adabu?

Twaona kwamba mambo mawili yamechanganywa. Liko jambo linalomwangukia jirani, na liko jambo ambalo jirani hulitazama tu. La kwanza ni kosa, hata akilitenda mwenyekiti. La pili si kosa, hata akilitenda msichana wa miaka ishirini.

Tuanze na lile la kwanza. Kucha haina utii. Ukiikata huruka itakako, machoni pa mtoto au ndani ya chakula cha mtu. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya shule. Pwani nzima hii mtu aliyekata kucha au kunyoa nywele alikusanya takataka zake akazifukia. Wengine walifanya hivyo kwa dini, wengine kwa kuogopa wabaya wao, lakini wote hawakuacha vipande vya miili yao mbele za watu. Je, sisi tuliosoma tumekuwa washenzi kuliko wao?

Chanuo nalo ni hivyo hivyo. Ukichana kichwa chenye mba katika kiti cha watu wawili, nusu ya mba ni ya mwenzako. Anayejipaka poda dirisha likiwa wazi humpaka na jirani. Rangi ya kucha ina harufu inayopanda kichwani, na marashi yanayopulizwa ndani ya gari lililofungwa madirisha yaweza kumletea mwenye pumu shida ya kupumua. Wako wanaochokonoa masikio kwa njiti ya kiberiti, kisha njiti ikaachwa kitini. Wako wanaotafuna mswaki na kutema dirishani, wala hawajui kwamba upepo huyarudisha mate kwa aliyekaa nyuma. Tena wako wanaoazimana wembe au kikata kucha safarini kama wanavyoazimana kalamu. Hilo ni zaidi ya adabu, ni afya. Chombo kilichogusa damu ya mtu mmoja chaweza kumpelekea mwingine homa ya ini aina ya B. Kiazimeni kitabu, wembe kila mtu na wake.

Sasa lile la pili. Kujipaka wanja, kufunga kilemba vizuri, kuikaza tai, kupaka mafuta midomo iliyokauka, yote haya yanamdhuru nani? Labda mwenyewe. Barabara zetu zina mashimo na matuta, na kijiti cha wanja mkononi gari likiruka ni kama sindano mbele ya jicho. Kwa hiyo twamshauri dada huyo angoje gari lisimame kwenye foleni, na foleni haikosekani. Lakini huo ni ushauri wa ndugu. Hukumu haimo.

Tena tuulize kwa nini anajipamba humo. Mtu atokaye Chanika, Mbagala au Mbezi ili awahi kazi ya saa moja mjini, huondoka nyumbani gizani. Amewasha jiko, amewaogesha watoto, amegombea mlango wa gari kwa viwiko. Afikapo kazini ataambiwa na mkubwa wake kwamba hakujitengeneza. Dakika kumi za kujitazama usoni hakuzipata nyumbani. Alizipata ndani ya basi, nazo amezilipia nauli. Tukimnyang’anya hizo nazo, tumempa nini badala yake?

Historia ya usafiri wa mji huu yatueleza shida ilipotoka. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianza mwaka 1974. Mji ukakua, mabasi hayakutosha, na mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa kubeba abiria. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na ndipo likazaliwa jina la daladala. Mwaka 2016 yakaja mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, na barabara yake yenyewe. Hizo ni hatua, nasi hatuzibezi. Lakini simama kituoni asubuhi yo yote ukawatazame wananchi wanavyongoja, utaelewa kwamba anayetaka wasichana wasijipambe ndani ya basi, kazi yake ya kwanza ni kudai mabasi ya kutosha. Kumzomea abiria ni rahisi. Kumwuliza mwenye madaraka ndiyo kazi ya mwanachama.

Jambo hili halikuzaliwa kwetu peke yetu. Huko Tokyo, mji unaosifiwa ulimwenguni kwa utulivu wa treni zake, kampuni ya reli ya Tokyu ilitoa mwaka 2016 filamu fupi ya kuwafundisha abiria adabu. Ndani yake wanawake wanaojipamba garini walionyeshwa kuwa ni watu wasiopendeza kutazamwa. Wanawake wengi walikasirika. Waliuliza: mtu anayejipaka rangi ya midomo kimya kimya amemdhuru nani? Ni swali lile lile la msichana wa Buguruni, ila yeye hakupewa nafasi ya kuliuliza.

Na sisi tuliomo katika siasa tuna sababu ya kuwa waangalifu kuliko watu wengine, kwa kuwa kosa hili tumekwisha kulifanya. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU katika mji huu ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, nguo fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua zilikuwa ziwe mwiko. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kulinda utamaduni wa taifa. Lakini hata tarehe yenyewe haijafika, makundi ya vijana wa kiume yaliwazonga wanawake Kariakoo, hata penye kituo cha mabasi, mpaka polisi wakaingia kati. Magazeti yakajaa barua za watu wakibishana. Wanawake waliokuwa wakienda kazini kulijenga taifa walijikuta wakihukumiwa njiani na vijana waliojifanya kuwa ndio taifa lenyewe.

Twalikumbusha jambo hilo ili tujifunze, wala hatuna nia ya kuwatukana waliotutangulia. Adabu ikishikwa na kundi, haikawii kugeuka fimbo. Na fimbo hiyo aghalabu humtafuta aliye mnyonge. Haikumtafuta mwenye kikata kucha. Nyani haoni kundule.

Kuna na jambo jingine. Katika treni za enzi ya ukoloni, kwa desturi daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Neno “uchafu” lilikuwa moja ya makufuli ya milango ile. Baba zetu waliambiwa kwamba wananuka, kisha wakapewa behewa lisilo na nafasi hata ya kugeuka. Basi tunaposema habari za usafi, tujihadhari tusiseme kwa sauti ya bwana yule. Hatumtaki mwananchi awe safi ili apendeze machoni pa mkubwa. Twamtaka awe safi kwa sababu aliyekaa kando yake ni ndugu yake, naye hana pa kuhamia.

Adabu pia hufuata urefu wa safari. Ndani ya daladala la saa moja, mtu aweza kusubiri kukata kucha mpaka afike kwake. Katika treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, mna choo. Mwenye haja ya kujitengeneza ainuke aende huko, tena asikae mpaka wenzake wapange foleni. Lakini katika treni ya zamani iendayo Kigoma, mtu husafiri usiku na mchana, na haiwezekani abiria afike na uso wa juzi. Humo kina mama wamekuwa wakisukana nywele tangu zamani, na wenye adabu wana desturi nzuri: humwuliza jirani kwanza, hutandika kanga mapajani, na nywele zikianguka huzikusanya. Tazameni jinsi walivyolimaliza jambo. Hawakungoja sheria, wala hawakumzomea mtu. Walitandika kanga.

Kwa hiyo twawaomba wanachama na marafiki wa Chama washike mambo haya machache. Kwanza, kinachoanguka, kinachoruka, kinachonuka au kinachotoa damu, kisifanywe ndani ya chombo cha watu. Pili, kinachobaki juu ya mwili wa mtu ni chake, tumwachie. Tatu, ukitaka kumwambia mtu, mwambie kwa sauti ambayo yeye tu ataisikia, na umwite kwa heshima: mama, baba, dada, kaka. Anayeonya kwa kupaza sauti hakukusudia kuonya, amekusudia kuchekesha. Nne, onyo lianze kwa mkubwa. Kijana asiyeweza kumwambia kiongozi wake, “Shikamoo mzee, kucha zako zinaruka kwenye chakula cha bibi,” hana haki ya kumwambia msichana lo lote. Tano, kwenye mikutano ya matawi tuliulize suala la mabasi ya asubuhi, na tuliulize mpaka tujibiwe.

Mwandishi wa maneno haya amekwisha kwenda kwa yule bwana wa tawi na kumweleza yote yaliyoandikwa hapa, kabla hayajapigwa chapa. Bwana yule alikasirika kwanza. Kisha akauliza kama bibi wa vitumbua hupanda gari lile kila siku. Akaambiwa ndiyo. Akanyamaza kidogo, akasema kesho yake ataondoka mapema.

Msichana wa wanja hatukumwona tena. Kwake yeye, tahariri hii imechelewa. Lakini kesho alfajiri magari yatajaa tena, na ndani yake watakuwamo bibi mwingine, msichana mwingine, na mmoja wetu aliyesimama katikati ameshika chuma. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Huyo mmoja wetu asinyamaze.